Rambo, Lufufu na vibanda umiza vya Mbinga

Juzi msomaji mmoja kaniuliza swali fupi: hivi hawa ma-DJ wanaotafsiri filamu za Kizungu na Kihindi kwa Kiswahili ni wezi au si wezi? Nikaanza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa tulijadili wote.

Tuanze na mfuko. Kwetu Mbinga, kama ilivyokuwa Tanzania nzima, ukinunua sukari au dagaa ulifungiwa kwenye "rambo". Vijana wa leo wanadhani rambo ni jina tu la mfuko wa nailoni. Hapana. Mifuko ile ilikuwa na picha ya Rambo mwenyewe, yule wa filamu za 1982 na 1985 zilizochezwa na Sylvester Stallone, kifua wazi na bunduki mkononi. Ilikuwapo na mingine iliyoitwa "malboro", kwa sababu ilibeba nembo ya sigara. Picha zilipofutika jina likabaki. Kisheria nembo ya sigara na sura ya mcheza filamu ni mambo mawili tofauti, lakini mama muuza usipa pale Mbamba Bay hakuwa na habari na lolote kati ya hayo, na nani angemlaumu? Mifuko ya plastiki ikaja kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Ilikuwa ni kwa ajili ya mazingira. Habari ya Stallone haikuwamo kabisa.

Lakini Rambo alifikaje Mbinga hadi akawa jina la mfuko? Hapo ndipo penye utamu.

Wengi tuliozaliwa huku hatukumjua kwenye ukumbi wa sinema. Tulimjua kwenye banda la video: mabati, mabenchi, televisheni moja, jenereta inaunguruma nyuma, na ubao wa chaki nje wenye majina ya filamu yaliyoandikwa kwa kubahatisha. Songea yenyewe imeunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa hiyo kwa muda mrefu sinema kwetu ilikuwa ni habari ya mafuta ya dizeli. Msimu wa kahawa watu wakishalipwa, banda linajaa. Kule ziwani mambo yalifuata mwezi: usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, basi mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanabaki nchi kavu, na mwenye banda anachekelea.

Na ndani ya banda kulikuwa na sauti. Rambo alikuwa anafungua mdomo, Kiingereza kinashushwa, anaingia mtu wa Dar es Salaam anakueleza kwa Kiswahili: huyu ndiye steringi, yule ni adui, usimwamini huyo mwanamke, subiri uone. Mkubwa wa kazi hiyo aliitwa Lufufu. Jina lake hasa ni Derek Mukandala, maarufu kama Kapteni Lufufu. Alianza kwa kutafsiri papo hapo mbele ya watazamaji, baadaye akawa anarekodi sauti yake juu ya kanda za VHS, na kanda hizo zikasafiri kuliko yeye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kubwa hadi mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, akaja kuichunguza na kuiandikia. Sisi wenyewe tuliokulia kwenye sauti hiyo hatujaandika hata kijitabu. Haya.

Lufufu hakuwa mkalimani wa neno kwa neno. Alikuwa anasimulia. Alieleza kitu ambacho filamu haikukisema, akatania, akawapa wahusika tabia za watu wa mtaani kwetu. Kwa maana hiyo alichotengeneza hakikuwa filamu ya Hollywood iliyoibwa tu, kilikuwa ni kitu cha pili kilichopanda mgongoni mwa cha kwanza. Ugomvi wote wa hakimiliki umekaa hapo.

Kabla ya sheria, nisogee nyuma kidogo, maana watu husema tabia hii ililetwa na wahuni wa video. Si kweli. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu za elimu, makao yake Vugiri kule Usambara, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham. Walitengeneza filamu za kilimo, afya na kodi, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilikuwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za huku. Baadaye magari ya sinema ya serikali yaliendelea na mtindo uleule, picha ukutani na mtu wa kipaza sauti pembeni anaeleza. Kwa hiyo msimulizi wa filamu alianza akiwa mtumishi wa serikali. Aligeuka mharamu alipoingia kwenye biashara.

Biashara yenyewe iliingia enzi za Mzee Ruksa, milango ya bidhaa ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Hebu fikiria pengo hilo: deki za video zimeshaingia, kituo cha televisheni hakuna, na filamu zinakuja kwa lugha ambayo wengi hawaijui. Hakuna kampuni ya Marekani iliyofikiria kumuuzia Mmatengo Rambo wa Kiswahili. Lufufu na wenzake waliingia palepale.

Sasa sheria. Nchi ilikuwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966. Mwaka 1994 tukajiunga na Mkataba wa Berne, na mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar wana sheria yao ya 2003. Mkataba wa Berne unasema wazi kwamba haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi. Una nyongeza inayozipa nchi maskini nafasi ya kutafsiri kwa leseni ya lazima, lakini ni kwa ajili ya kufundishia na utafiti. Rambo haingii hapo hata ukimvalisha sare za shule.

Kwa hiyo jibu la kisheria kwa msomaji wangu ni fupi: asiye na kibali anavunja sheria, na mwenye banda anayetoza kiingilio naye yumo. Sibishi. Kinachoniuma ni upande wa pili. Sheria hiyohiyo inakubali kwamba tafsiri ni kazi inayoweza kulindwa yenyewe, bila kudhuru haki za kazi ya asili. Lakini kanda za Lufufu zilipoanza kurudufiwa na kila mwenye deki mbili, angekwenda kushtaki wapi? Aende mahakamani aseme wameniibia sauti niliyoiweka juu ya mali ya watu? Sauti yake ilitajirisha wauza kanda kuanzia Kariakoo hadi Mbinga, na yeye hakuwa na mlango wa kugonga.

Hakuwa peke yake katika mtego huu. Filamu ya Titanic ilipotikisa dunia mwaka 1997, haukupita muda mrefu Joshua Amandus Mtani akatoa kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic, hadithi ileile kwa Kiswahili. Kumbuka MV Bukoba ilikuwa imezama Mei 21, 1996. Kwa msomaji wa Kitanzania, pamoja na sisi tuliozoea kupanda MV Songea kati ya Itungi, Liuli na Mbamba Bay, meli kuzama haikuwa hadithi ya Wazungu. Je, ule ni wizi au ni shabiki aliyeigeuza hadithi ikawa ya kwetu? Mimi nasema ni vyote viwili, na sheria ina neno kwa kimoja tu.

Kisha wakaja Bongo Movie, na hapo kesi ikageuka. Wasanii wetu walikuwa wanaibiwa kweli. Mwaka 2013 serikali ikaanza kubandika stempu za TRA kwenye kazi za muziki na filamu. Aprili 2017 wasanii wakaandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Walichekwa sana mitaani, lakini hoja yao ilikuwa na uzito: DVD moja ya Kichina yenye filamu chungu nzima, haina stempu wala haijalipiwa kibali, inauzwa sambamba na kazi ya msanii aliyekopa kuitengeneza. Shindana hapo.

Njia halali ya kutafsiri imeonekana tayari. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaja kuitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Azam TV nao wametuletea Waturuki wanaozungumza Kiswahili. Kila kitu kimesainiwa. Ila hakuna wa kukunong'oneza kwamba usimwamini huyo mwanamke.

Siku hizi vibanda umiza vingi vinaishi kwa mpira, na kisheria hilo nalo lina kesi yake, maana king'amuzi cha nyumbani hakikukusudiwa kutoza watu kiingilio. Filamu za ma-DJ zimehamia kwenye flashi na simu. Mwezi uliopita niliangalia moja pale Mbinga. Katikati ya mapigano DJ akamnyamazisha steringi, akataja namba yake ya simu, kisha akaonya kwa ukali kwamba atakayenakili kazi yake bila ruhusa atachukuliwa hatua za kisheria.