Mzee Aliyeshuka Mlimani: Habari za Wakirgizi wa Pamir

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaitumia mara nyingi kuwaonya vijana wanaodharau mambo ya wazee wao. Lakini je, mzee mwenyewe akiacha nchi yake na maisha ya baba zake, akaenda kukaa ugenini, tumwiteje? Leo twataka kuwasimulia habari za mzee wa namna hiyo, kisha tuipime methali yetu.

Katikati ya bara la Asia iko milima iitwayo Pamir. Sehemu yake moja imo katika Afghanistan, katika ukanda mwembamba uitwao Wakhan, ambao Waingereza na Warusi waliuweka mwaka 1895 ili dola zao mbili zisigusane. Mabonde ya huko yako juu sana, kama futi 13,000 na zaidi, yaani kupita pale msitu wa Kilimanjaro unapokoma. Nafaka haziwezi kuota kwa baridi, na theluji hukaa muda mrefu katika mwaka.

Humo walikaa Wakirgizi, watu wafugaji, Waislamu, ambao lugha yao ni ndugu ya Kituruki. Walifuga kondoo, mbuzi, farasi, ngamia wenye nundu mbili, na yaki, mnyama wa jamii ya ng'ombe mwenye manyoya marefu sana. Nyumba zao zilikuwa hema za duara zilizofunikwa kwa sufu iliyopigwa hata ikashikamana na kuwa nene kama blanketi. Walipohama, hema zilikunjwa na kupakiwa juu ya wanyama. Unga na chai walivipata kwa kubadilishana na watu wa mabonde ya chini.

Zamani Wakirgizi walihama mbali. Lakini baada ya Warusi kupindua ufalme wao mwaka 1917, na wakomunisti kushika China mwaka 1949, mipaka ilifungwa pande zote mbili. Wakabaki kupanda na kushuka katika mabonde yao wenyewe, kiangazi na baridi.

Mkuu wao alikuwa Rahmankul Khan. Mzee huyu alikuwa na maelfu ya kondoo, wala hakuwafungia katika zizi lake. Aliwagawa kwa jamaa maskini wawachunge. Maziwa na sufu vikawa vyao, naye akabaki mwenye mali. Wafugaji miongoni mwenu wataifahamu desturi hii mara moja, kwa maana hata kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwa jirani. Hivyo maskini alipata kuishi, na tajiri alipata heshima.

Mwezi wa Aprili 1978 wakomunisti waliitwaa serikali ya Afghanistan. Rahmankul alikwisha kupita miaka sitini. Aliona kwamba dola ya Warusi, aliyoiogopa tangu ujana wake, sasa itamfikia hata malangoni. Kiangazi kile kile akawaongoza watu kama 1,300, wakavuka milima na kuingia Pakistani, pande za Gilgit.

Huko shida ziliwaandama. Watu waliozoea baridi walishikwa na joto na maradhi wasiyoyajua, wakafa wengi. Mifugo yao ikauzwa kwa bei duni. Mwaka 1979 watu walihitilafiana. Baadhi yao walirudi Pamir pamoja na Abdul Rashid Khan, wakisema ni heri kufa kwao. Rahmankul hakurudi. Aliiomba Marekani impe mahali katika Alaska, kwa sababu ya baridi yake, asikubaliwe. Mwishowe Uturuki ikawapokea, na mwaka 1982 watu zaidi ya 1,000 walichukuliwa kwa ndege kwenda huko.

Baada ya miaka michache walijengewa kijiji mashariki ya nchi ile, upande wa ziwa Van. Wakapewa nyumba za kuta, shule, na mifugo ya kuanzia maisha. Hapa tutue kidogo. Mzee aliyekuwa akiwagawia wengine kondoo, sasa yeye ndiye aliyegawiwa. Hakuna tena maskini aliyemhitaji, kwa kuwa serikali ndiyo iliyotoa. Kuacha hema ni jambo jepesi. Kuacha cheo kilichotokana na kundi la mifugo ni jambo zito, na kwa mtu mzima ni zito zaidi. Alifariki mwaka 1990 huko huko Uturuki.

Je, alikosea? Tuwatazame waliorudi. Walibaki na yaki zao na hema zao, lakini walikosa waganga, wakazika wanawake waliofariki katika uzazi, na watoto wachanga wengi mno. Waliokwenda Uturuki, watoto wao walisoma na kupata dawa. Lakini nao hawakupata bure. Vijana wengi wamekwenda kutafuta kazi katika miji mikubwa, na baadhi ya wanaume wameshika bunduki kuwa walinzi wa serikali katika vita ambavyo si vyao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Abdul Rashid alikuwa mjinga au kwamba Rahmankul alikuwa mwoga. Kila mmoja alichagua msiba ambao aliona watu wake wataweza kuuchukua.

Na methali yetu? Kijiji kile kinaitwa Ulupamir, maana yake Pamir Kuu. Watu wake wanasema Kikirgizi, na siku za sherehe husimamisha hema la duara kati ya nyumba za kuta. Twaona basi kwamba mzee yule aliacha mlima, hakuacha asili. Aliibeba kama wazee wake walivyobeba hema, akaitua pengine.

Wanafunzi, tafuteni Wakhan katika ramani, kisha Van, mpime kwa kidole jinsi mzee yule alivyokwenda mbali. Na jioni waulizeni babu zenu: wao walihamia hapa kutoka wapi, na walibeba nini?