Luger za Kitambo: Cheki Alama Hizi 5 Kabla Uuziwe Feki

Luger mbili zinaweza kukaa mezani zikifanana kama mapacha, lakini moja ni ya bei ya kawaida na ile ingine inauzwa ganji ya kununua ploti. Tofauti mara nyingi ni alama ndogo tu. Na hapo ndipo wakora hupigia wasee.

Historia kidogo: bastola hii ni kazi ya Georg Luger. Uswisi ndio walitangulia kuichukua, mwaka wa 1900. Jeshi la wanamaji la Ujerumani likafuata 1904, kisha la nchi kavu 1908. Hiyo ya 1908 ndiyo P08, na ziliundwa nyingi mno. Kuwa nayo pekee haimaanishi umeomoka.

Cheki hivi:

1. Kiwanda. Jina liko juu, kwa kile kiungo kinachojikunja kama goti. DWM, Erfurt na Mauser ziko kibao. Krieghoff ndiyo adimu, kwani kandarasi yake na jeshi la anga ilikuwa ya bastola 10,000 tu. Wakora wanajua hilo vizuri, ndio maana jina hilo hugongwa sana kwa bastola zingine.

2. Mtutu. P08 ya kawaida ina milimita 100, ya wanamaji 150, na ya askari wa mizinga 200. Ya mizinga ina kipimo cha kulengea hadi mita 800. Mtutu mrefu bila kipimo chake, shuku.

3. Mwaka. Uko juu ya chemba. Vita vya Kwanza vya Dunia uliandikwa wote, mfano 1917. Baadaye Mauser wakauficha kwa herufi: K ni 1934, G ni 1935. K ni ngumu kupata kuliko G.

4. Nambari. Za jeshi zina nambari kamili kwa fremu, na tarakimu mbili za mwisho kwa vipande vidogo. Zisipolingana, hiyo imeungwaungwa na bei inashuka.

5. Rangi. Ikiwa inang'aa mpya lakini kingo za herufi zimelika, ilisuguliwa ikapakwa upya. Wakusanyaji hawataki hiyo.

Ujanja huo huo uko kwa Mauser C96. Mwaka wa 1916 jeshi liliagiza 150,000 za risasi za milimita 9, na mpini ukachongwa 9 nyekundu ili askari wasiweke risasi za 7.63. Kuchonga 9 kwa mbao ni kazi ya dakika chache, kwa hivyo pima mtutu, usiamini mpini.

Na kwa walio Kenya: iwe ya 1917 ama ya jana, bastola bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni kesi. Kuwa ya kale si kibali.