Neno la leo: Loweka

Mvua ikikunyeshea, imekulowesha. Maharage ukiyaacha majini usiku kucha, umeyaloweka. Yote mawili yametokana na “lowa”, ila “loweka” lina subira ndani yake. Kiishio -eka hapa si kile cha “someka”. Ni ndugu wa -ika ya anika, tundika na funika: kukiweka kitu katika hali fulani, kisha kukiacha.

Ndivyo unavyotengeneza mafuta ya ngozi nyumbani. Maua ya langilangi yaliyokauka yaloweke katika mafuta ya nazi, chupani, wiki mbili tatu, kisha chuja. Ajabu yake, kitenzi hiki kilichozaliwa majini hapa hakitaki hata tone la maji: ua likiingia na umande, mafuta huota ukungu.