Kamera ya mbao ya babu: namna ya kujua umri wake

Familia ikikimbia vita, vitu vya zamani huuzwa kwa haraka na kwa bei ndogo. Kati ya vitu hivyo kuna kamera kubwa za studio: sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, mfuko wa ngozi unaokunjuka kama akordeoni, na kitambaa cheusi ambacho fotografe alijifunika kichwani. Kabla ya kuuza, inafaa kujua ni ya miaka gani.

Wengi huangalia lenzi peke yake. Lakini lenzi ilibadilishwa mara nyingi. Tessar ya Zeiss ilitoka mwaka 1902, na kifungio cha Compur mwaka 1912. Vyote viwili vinaweza kufungwa juu ya sanduku la zamani zaidi. Matundu ya skurubu yasiyotumika kwenye ubao wa lenzi yanaonyesha kwamba palikuwa na lenzi nyingine.

Jina lililo kwenye mbao linasaidia zaidi. Ernemann wa Dresden, Ujerumani, walianza mwaka 1889. Ica ilizaliwa mwaka 1909. Mwaka 1926 kampuni hizo mbili ziliungana na nyingine kuwa Zeiss Ikon. Basi kamera iliyotoka kiwandani na jina Zeiss Ikon haiwezi kuwa ya mwaka 1910, hata muuzaji akiapa.

Fremu ya kutia kioo nayo inasema. Madoa meusi ya dawa ya fedha pembeni yanaonyesha kazi ya vioo vibichi, iliyoanza mwaka 1851. Vioo vikavu, vilivyoenea tangu karibu 1880, haviachi madoa hayo. Kipimo cha sentimita 13 kwa 18 ni cha Ulaya bara. Waingereza walipima kwa inchi.

Kamera nyingine hazina jina lolote. Antoine Freitas, fotografe mwenye asili ya Angola, alijipiga picha huko Kasai mwaka 1939 akiwa na kamera ya sanduku iliyotengenezwa kwa mkono, watu wamemzunguka. Kukosa jina la kiwanda si kukosa thamani.

Vioo vilivyobaki ndani visioshwe: sura imo katika utando mwembamba ambao maji huuharibu. Vishikwe pembeni na kuinuliwa kwenye mwanga. Cheupe kitaonekana cheusi, lakini pengine hapo ndipo pekee sura ya babu ilipobaki.