Historia Yetu, Sehemu ya 4: Jeshi la nje linaleta demokrasia?

Juzi tuliishia Oktoba 1978, Idi Amin alipovamia Kagera. Leo tumalizie.

Jeshi letu lilimfurusha, likavuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Watu wakashangilia barabarani. Wengi wakajua basi, yamekwisha.

Wapi! Rais mpya, Yusuf Lule, alikaa siku 68 tu. Godfrey Binaisa naye akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980, askari wetu wakiwa bado huko, ulimpa Obote ushindi ambao wapinzani waliukataa. Mwaka 1981 Museveni akaingia msituni. Huko Luwero mama wengi wakazika watoto. Januari 1986 serikali ikabadilika tena, kwa bunduki, siyo kwa kura.

Sisemi tulikosea kumtoa Amin, alikuwa anaua watu. Ila sisi wa wodini tunajua: dripu inamwokoa mtoto aliyeishiwa maji, lakini haimfundishi kula. Hilo atajifunza mwenyewe, nyumbani kwao, taratibu.

Wewe wazazi wako walikusimulia nini kuhusu vita ya Kagera? Niandikie hapo chini.