Chumvi, Majina na Njia: Matembezi Kando ya Maziwa ya Kasoko, Magharibi mwa Uganda

Mgeni afikaye katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, hupenda kusimama ukingoni mwa kasoko na kutazama chini. Neno kasoko wengi wetu twalijua kutoka katika vitabu vya jiografia: ni shimo kubwa mfano wa bakuli, liachwalo na volkano. Kati ya Katwe na Kikorongo kasoko hizo ni nyingi, moja ikipakana na nyingine. Baadhi zimeota majani, baadhi zina msitu ndani yake, na baadhi zimejaa maji yakawa maziwa. Nyati hushuka kunywa, upepo huvuma, wala mtu haonekani. Basi mgeni husema moyoni mwake kwamba ameiona nchi kama ilivyokuwa kabla ya binadamu.

Sisi walimu haitupasi kuupokea usemi huo bila kuuchunguza. Njia zizungukazo maziwa haya hazikuanzwa na watalii, na upweke wa nchi hii si wa asili. Ni upweke ulioletwa na magonjwa, vita na amri za serikali, na umri wake haujazidi sana miaka mia moja. Ushahidi wa jambo hili umo katika historia, na pia umo katika majina ya mahali, ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuyasikiliza na kuyaelewa kuliko anavyodhani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Hapa tumo ndani ya Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, karibu na mstari wa ikweta. Kasoko hizi hazikutokana na mlima mrefu uliotapika zaha mara kwa mara kama Nyiragongo kule Kongo. Mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakakutana na maji yaliyomo ardhini. Maji yakageuka mvuke kwa ghafula, na mvuke ukaipasua nchi. Ndiyo maana kingo zake ni za chini, nazo zimefanywa kwa majivu na vipande vya mawe. Maji ya baadhi ya maziwa haya hayana mto wa kutokea. Chemchemi huleta madini, jua hukausha maji, na madini hubaki. Hivyo ndivyo lilivyopatikana Ziwa Katwe, ambalo limetengwa na Ziwa Edward lenye maji baridi kwa ukuta mwembamba wa ardhi tu. Upande mmoja watu huvua samaki. Upande wa pili huvuna chumvi.

Atembeaye kwenye ukingo wa Katwe huona chini yake mamia ya vidimbwi, vimegawanywa kwa kuta za udongo na miti. Kila kidimbwi kina mwenyewe, na aghalabu kimerithiwa katika ukoo. Wakati wa kiangazi maji hukauka na chumvi hutanda juu kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Wanaume huingia ziwani kubomoa magadi na chumvi ya mwamba iliyogandamana chini. Wanawake wengi hufanya kazi katika vidimbwi. Maji ni makali, huchoma ngozi na kuingia katika kila jeraha. Chumvi iliyo safi huliwa na watu, na ile ya mwamba hupewa mifugo.

Kazi hii ni ya kale. Kabla ya ukoloni chumvi ya Katwe ilisafiri kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu hadi Toro, Bunyoro, Ankole, Buganda na Rwanda. Hata neno lenyewe lilienea na kukaa: kwa Kinyarwanda na Kirundi chumvi ni umunyu, kwa Kiganda ni omunnyo, na Kiswahili chetu, licha ya neno chumvi, kinalo munyu, ambalo kamusi zimelihifadhi ingawa halisikiki sana siku hizi. Mwanafunzi akilitafuta neno hilo ataona kwamba watu wa pwani na watu wa maziwa makuu walikuwa na jina moja la kitu kimoja kabla hawajakutana katika biashara ya misafara.

Palipo na mali pana ugomvi. Katika karne ya 19 Toro ilijitenga na Bunyoro, na Katwe ikawa miongoni mwa vitu vilivyogombewa. Mfalme Kabarega wa Bunyoro aliirudisha Toro chini ya mamlaka yake, na askari wake wakaishika Katwe, kwa kuwa aliyeishika Katwe alikuwa na kitu ambacho kila jirani alikihitaji. Juni 1889 Stanley alipita hapo akirejea pwani pamoja na Emin Pasha. Askari wa Kabarega waliondoka alipokaribia, na msafara wake ukaingia Katwe. Msafara huo ulikuwa na wapagazi wengi wa Unguja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Wale waliojitwika mizigo njia nzima ni miongoni mwa waliofikisha lugha yetu kandokando ya maziwa haya. Na ijapokuwa vitabu havikuandika majina ya wengi wao, yatupasa tuwakumbuke.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1891, alifika Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Alijenga ngome Katwe, akaiita Fort George, ili chumvi isimfikie tena Kabarega kama pato lake. Na mwaka huohuo akamweka Kasagama katika kiti cha Toro. Ngome hiyo ni kielelezo kizuri cha kufundishia historia. Vitabu husema kwamba wakoloni walifuata dhahabu, pembe za ndovu na watu. Katika Katwe tunaona kwamba walifuata pia chumvi ya mboga.

Je, nchi hii yenye soko, mifugo na ngome iligeukaje kuwa pori? Kwanza ulikuja ugonjwa wa sotoka katika miaka ya 1890, ukaangamiza ng'ombe wa wafugaji, wakiwamo Basongora ambao nyanda hizi zilikuwa malisho yao. Mifugo ilipokwisha, vichaka viliota, na mbung'o wakapata makao. Kisha ukaja ugonjwa wa malale mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kando ya maziwa. Wanyama wa mwitu wakaongezeka mahali pa ng'ombe. Zikatangazwa hifadhi za wanyama, na hatimaye mwaka 1952 likaundwa eneo moja kubwa la hifadhi ya taifa, likaitwa Kazinga. Wavuvi na wachimba chumvi walibaki katika vijiji vichache ndani ya mipaka hiyo. Wafugaji wengi walijikuta nje. Hatusemi haya kwa kuipinga hifadhi. Tembo, viboko na ndege wa hapa ni urithi, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua nchi hii kuwa hifadhi ya mazingira hai. Tunasema tu kwamba mtoto anayefundishwa kuwa hapakuwa na watu anafundishwa lisilo kweli, na huenda mtoto huyo ni mjukuu wa waliohamishwa.

Sasa tuyatazame majina. Hifadhi iliyoitwa Kazinga ilibadilishwa jina mwaka 1954, Malkia Elizabeth alipozuru Uganda. Katika miaka ya 1970 ikaitwa Rwenzori. Na mwaka 1991 ikarudishiwa jina la Malkia. Ziwa lililo jirani lilipewa na Stanley jina la Edward, mwana wa Malkia Victoria. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1979 likaitwa Idi Amin. Kisha likarudi kuwa Edward. Majina ya wakubwa huja na wakubwa, na mara nyingi huondoka nao. Lakini chini yake yamo majina ambayo hakuna aliyeyatangaza kwa amri. Wenyeji waliliita ziwa hilo Rwitanzige, maana yake kiuacho nzige. Nzige ni nzigewe yule tumjuaye sisi, na jina lamwonyesha mkulima aliyeona makundi yake yakishindwa kuvuka maji. Miongoni mwa kasoko limo ziwa liitwalo Nyamunuka, ambalo maji yake hutoa harufu ya kiberiti na huvuta nyati. Jina hilo huelezwa kuwa harufu ya mnyama. Anayejua maneno nyama na kunuka hahitaji mkalimani.

Matembezi yetu na yaishie kusini ya mfereji wa Kazinga, katika msitu wa Maramagambo. Hapa mtu hutembea kweli kwa miguu, akifuatana na askari wa hifadhi, katika njia zipitazo chini ya miti mirefu hadi kwenye maziwa ya kasoko ya Kyasanduka na Nyamusingiri. Baada ya mwanga mkali wa Katwe, kivuli cha msitu huburudisha macho. Maji ni ya kijani na yametulia. Jina la msitu hutafsiriwa kuwa mwisho wa maneno. Kumara ni kumaliza, na amagambo ni maneno. Nasi twaweza kulitambua jambo letu likiwa ndugu wa neno hilo la pili. Husimuliwa kwamba zamani vijana walipotea humo siku nyingi, na walipotoka walikuwa wamechoka mno hata hawakuweza kusema walikotoka. Maneno yalikuwa yamewaishia.

Hadithi hiyo yatugusa sisi tunaofundisha lugha. Nchi yaweza kuwa na historia ndefu na bado ikakosa wa kuisema, hata mgeni akaitazama na kuiita tupu. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga kiwanda kikubwa kando ya Ziwa Katwe. Maji yaleyale ya chumvi yakayala mabomba yake, kiwanda kikashindwa, na magofu yake yamesimama hadi leo juu ya vidimbwi ambavyo vingali vikivunwa kwa mikono. Anayetaka kujua ni nani aliyeijua zaidi nchi hii, na atazame mahali hapo.

Kwa hiyo twapendekeza jambo jepesi. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake, ikiwezekana, kwenye ukingo wa kasoko. Isipowezekana, awatume kwa wazee wao. Kila mmoja arudi na jina moja la ziwa, kilima au njia, pamoja na maana yake na habari ya waliokuwa wakipita hapo. Majina hayo yaandikwe kwa lugha ya wenyeji, yaelezwe kwa Kiswahili sanifu, na yawekwe katika maktaba ya shule. Kazi hiyo haina gharama kubwa. Tukiifanya kwa bidii, mtembezi wa kesho atakaposimama juu ya Katwe atajua kwamba njia anayoikanyaga ilitengenezwa na miguu ya waliobeba chumvi.