Theluji ya Wellington na Kesi Aliyobebeshwa Mungu

Mwishoni mwa Februari 1910, treni mbili za kampuni ya Great Northern, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilikwama kwenye kituo kidogo cha Wellington, milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Zilikuwa zinaelekea Seattle. Theluji ilianguka siku baada ya siku, saa zingine karibu sentimita 30 kwa saa moja. Mashine za kuiondoa zikashindwa, makaa yakaanza kuisha. Vibarua wa sepetu walidai nyongeza ya mshahara, wakanyimwa, wengi wakajiendea zao.

Hebu jiweke ndani ya behewa hilo. Juu yako ni Mlima Windy, mteremko mkali ambao moto ulishaunguza miti yake. Siku chache nyuma treni zilisimama upande wa pili wa handaki. Zilipoondoka tu, poromoko la theluji likavunja jengo ambamo abiria walikuwa wanakula, likaua watu wawili. Kwa hivyo walijua. Waliomba treni zirudishwe ndani ya handaki. Wakubwa wakakataa: moshi, baridi, makaa hayatoshi. Si sababu za kijinga, lakini wachache walichoka kubembeleza, wakashuka mlima kwa miguu, wakapona.

Theluji haikai kama unga kwenye gunia. Kila dhoruba huweka tabaka lake, na tabaka moja la chini likiwa dhaifu, yote ya juu yananing'inia tu. Februari 28 joto lilipanda, theluji ikageuka mvua, radi ikaanza kupiga. Mvua huongeza uzito na hapo hapo inalegeza mshikamano. Machi 1, baada ya saa saba usiku, mlima ukaachilia. Treni zote mbili zilitupwa bondeni kuelekea mto Tye.

Watu 96 walikufa. 23 walitolewa hai. Abiria waliokufa walikuwa 35. Wengine wote walikuwa watu wa kazi, na hao ndio simulizi nyingi huwapitia haraka haraka. Miili ya mwisho ilipatikana Julai.

Kesi ikafuata. Baraza la wazee wa mahakama lilikubaliana na familia ya abiria mmoja, lakini 1914 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabatilisha: eti ni tendo la Mungu. Mimi naona theluji ilikuwa ya Mungu, sawa, lakini mahali pa kuegesha treni palichaguliwa na mtu aliyekuwa na cheo na mshahara.

Kampuni yenyewe haikumwachia Mungu kila kitu. Mwaka huo huo wa 1910 kituo kilibadilishwa jina, maana nani angekata tiketi ya kupitia Wellington? Wakajenga mapaa ya zege juu ya reli, kisha 1929 wakafungua handaki jipya la kilomita 12.5, chini zaidi mlimani. Reli ya zamani sasa ni njia ya watembeaji, na lile paa la zege bado limesimama pale pale zilipokuwa zimeegeshwa treni.